Nyanya Zimekwenda Kutembea

Kondakta wa basi alijifanya anafuta kioo, kumbe masikio kayatega kiti cha mbele.

"Jumamosi tunafungua soko letu kijijini, dada!" Mama mkulima hakutulia kitini. "Nyanya, mayai, mboga, vyote vya hapa hapa. Njoo ununue!"

Mwenye mgahawa akabetua midomo. "Mimi napikia nyanya za mjini. Hebu ona tenga hili, zilivyonona!"

Mama mkulima akashika kamba ya tenga, akapiga ukelele. "Fundo hili nimelifunga mimi asubuhi! Nyanya zangu hizi, zimekwenda mjini kutembea tu!"

"Wacha maneno! Kondakta, hebu sema: tenga hili limetoka wapi?"

Kondakta alikuwa amelipakia kwenda na kurudi, na nauli ya mzigo kaila mara mbili. Akagonga bati kwa nguvu. "Mwisho wa gari! Shukeni!"