Kaka Kipaza Haagwi Leo

Mheshimiwa Meneja wa redio yetu, ambaye ndiye mgeni rasmi na ndiye pia nitakayemsema, nisamehe mapema. Ndugu Mwenyekiti wa klabu. Kocha na wachezaji mliokubali kuvaa mashati yenye kola kwa siku moja. Mama yangu mzazi uliyeketi hapo mbele. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi mashabiki wenzangu mliosimama kule ukutani kwa sababu viti mmewapisha wageni: habari zenu wote?

Mbona mmepoa? Nauliza tena, habari zenu? Naam. Hiyo ndiyo sauti ninayoijua.

Kwa wasionifahamu, mimi ni msusi. Saluni yangu inatazamana na geti la uwanja, na kwa kura ambazo mpaka leo kuna watu wanazilalamikia, mimi ndiye mwenyekiti wa tawi la mashabiki. Kamati ya sherehe imeniomba niseme maneno machache ya kumuaga mtangazaji wetu wa mpira, mtu ambaye mji mzima unamwita Kipaza, nami namwita Kaka Kipaza kwa sababu amekula nyumbani kwetu tangu mimi sijajua kushika kitana. Kwenye ratiba nimepewa dakika tano. Mtangazaji huyu dakika tano alikuwa anazimaliza kwa kutaja tu waliokaa benchi. Kwa hiyo ndugu mshereheshaji, hiyo saa irudishe mfukoni.

Nianze na sifa, maana hazina ubishi. Kaka Kipaza hajawahi hata mara moja kusema mpira uko kulia au uko kushoto. Alikataa tangu anaanza kazi. Kulia kwa nani, alisema, wakati msikilizaji mmoja amelala chali chini ya gari na mwingine amegeukia tanuri la mikate? Akaugawa uwanja kwa vitu vinavyouzunguka: upande wa tangi la maji, upande wa karakana, goli la getini, goli la shuleni. Akisema mpira unateremka kuelekea tangi, sote tunajua kule kumeinama na beki asipokimbia imekula kwake. Mazoea hayo yametuingia mpaka wateja wangu wananiambia, "Dada, nipunguzie kidogo upande wa karakana," nami napunguza bila kuuliza. Kuna bwana harusi mmoja hapa mjini aliyeingia ukumbini ana kipara kidogo upande wa tangi, lakini lile lilikuwa kosa langu, si la mtangazaji.

Sasa, nisije nikaonekana mtu wa kugombana na kila kitu kipya. Mpira wa kwenye simu umetufaa. Binti yangu anafanya kazi ng'ambo, na kila wiki anaitazama timu yake akiwa kule kule. Zamani mimi ndiye nilikuwa namsimulia. Siku hizi yeye ndiye anayenipigia kuniuliza nani amemnyoa vibaya hivyo Nyundo, mshambuliaji wetu, nami nakaa kimya kwa sababu anajua ni nani. Bao linarudiwa mpaka unaliona kutoka nyuma ya wavu. Hayo ni mema, na nani atayakataa?

Lakini tuulizane kama watu wazima: sisi mashabiki tumekuwaje? Tangu ligi ilipouza haki za matangazo kwa programu ya simu, mechi zimehamia hata mchana wa siku za kazi, kwa sababu wenye programu ndio wanaopanga ratiba, huku fundi yuko karakana, mwalimu yuko darasani, na jukwaa linabaki la kunguru. Kwenye ukumbi wa tawi letu tunakaa benchi moja, kila mtu na simu yake, kila mtu na waya wake masikioni. Bao likiingia, mwenye bando la nguvu anaruka; jirani yake bado kale kaduara kanazunguka, anaziba masikio na kupiga kelele, "Usiniambie! Usiniambie!" Furaha inatufikia kwa mafungu. Umewahi kumkumbatia mtu ambaye kwake yeye bado ni sare? Na huyo anayetutangazia kutoka studio ya mbali anamwita kipa wetu "namba moja", kana kwamba hana kwao. Kipa wetu ni Kufuli, na mama yake yuko humu ndani, amevaa kitambaa cha bluu. Shikamoo mama.

Tulitafuta dawa. Tukaunganisha simu na televisheni ya ukumbi, picha tukaichukua, sauti ya studio tukaizima, na pembeni tukaweka redio ili Kaka Kipaza atutangazie. Tukajiona tuna akili kweli. Ikafika mechi kubwa ya ligi. Redio ikalipuka: "Nyundo! Nyundo! Goli la shuleni limelala!" Ukumbi mzima tukasimama, benchi zikaanguka, soda zikamwagika, mimi nikapoteza kiatu. Kutazama kwenye televisheni, Nyundo amechutama katikati ya uwanja anafunga kamba za viatu. Tulikuwa tunamshangilia mtu anayefunga viatu! Maana picha ya simu inapita sijui wapi na wapi kabla ya kutufikia, na redio inakuja moja kwa moja.

Hapo ndipo tukafanya kosa. Badala ya kuilaumu picha, tulimlaumu mtangazaji. Tukamtumia ujumbe, Kaka, unatuharibia utamu, hebu tusubiri kidogo. Naye, kwa wema wake, mechi iliyofuata akaweka simu mezani mbele yake, akaupa mgongo uwanja, akawa anatangaza kile ambacho simu inamwonyesha. Mtu yuko uwanjani, anasubiri simu imwambie uwanjani kuna nini! Ukumbini tulifurahi sana, kila kitu kilikwenda sawa.

Nyumbani kwa mama hakikwenda sawa.

Mama yangu, kwa wasiomjua, macho yaliondoka muda mrefu sasa. Mpira haukuondoka. Anaujua uwanja ule kwa tangi na karakana kuliko mimi ninayeutazama dirishani kila siku. Siku ile amekaa na redio yake mapajani. Kipaza anasema mpira uko kwa Kufuli, anatafuta wa kumpa. Mara, nyuma ya sauti yake, mama anasikia jukwaa zima linapiga mayowe. Na Kipaza ametulia tu, Kufuli bado anatafuta wa kumpa. Mdogo wangu alikuwa jukwaani siku ile. Mama akadhani jukwaa limeanguka. Akatoka mpaka barazani bila fimbo, akiita majirani, akilia. Nilipofika nyumbani kwa furaha zangu za ushindi, nilimkuta ameshikwa mikono na watu wawili. Sijawahi kuona aibu kama ile maishani mwangu.

Kesho yake akasema, niitieni huyo mwanangu. Kaka Kipaza akaja, akakaa kwenye kigoda, mtu mzima na mvi zake, hajui aweke wapi mikono.

Mama akamuuliza, "Jana ulikuwa unamsubiri nani?"

"Wenye picha, mama. Waliniomba."

"Na mimi uliniacha na nani?"

Mama akamwambia, "Sikia, mwanangu. Wenzako wana picha yao, hata ikichelewa itafika. Mimi picha yangu ni wewe. Wewe ukiupa mgongo uwanja, mimi nimekuwa kipofu mara mbili."

Kaka, najua hupendi nilisimulie hili. Jikaze, tunamaliza.

Tangu siku ile hakumsubiri mtu tena. Na sisi wa ukumbini tukapitisha azimio ambalo wengine walilicheka: mechi ikianza, televisheni tunaigeuza itazame ukuta. Tunasikiliza. Mapumziko yakifika tunaigeuza, tunaangalia mabao yote, tunabishana, kisha inarudi ukutani. Wiki ya kwanza vijana wengi walitukimbia. Wakasema hao wazee wamechanganyikiwa, wanalipia televisheni ili itazame rangi ya ukuta. Baadaye wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakisimama mlangoni kama wanaopita tu. Siri ni nini? Ukumbini kwetu bao linaingia kwa wote kwa mara moja. Unamkumbatia aliye karibu nawe, hata kama jana mmegombana. Basi, hakuna siri nyingine.

Ndipo mwezi uliopita redio yetu ikatangaza kwamba mpira hautatangazwa tena, na Kaka Kipaza atapumzishwa kwa heshima zote. Mheshimiwa Meneja, nilikuja ofisini kwako. Ulinikaribisha vizuri, ukanipa chai, na ukaniuliza swali kwa upole kabisa: "Mama mwenyekiti, siku hizi nani bado anasikiliza mpira redioni?" Mimi ni mtu wa maneno mengi, kila mtu hapa ni shahidi, lakini siku ile nilikosa jibu. Nilikunywa chai yako nikaondoka.

Leo nimekuja nalo. Naomba wote wanaosikiliza mpira redioni kwa sababu kazi yao hairuhusu macho, wasimame.

Haya. Yule ni fundi magari. Mikono yake ina oili, simu ataishika na nini? Yule ni mwoka mikate. Muuguzi, asante, najua redio yako wodini huiweka chini kabisa, na wagonjwa wananyamaza wenyewe ili wasikie. Mlinzi wa benki. Fundi cherehani na wanafunzi wake wote. Mama muuza mboga. Na nani yule mlangoni, anayesimama nusu nusu? Dereva wa Meneja! Usiogope, baba, simama sawasawa, bosi wako ameshakuona. Mheshimiwa, ukiwa nyuma ya gari unaongea na simu, huyu mwenzako mbele yuko upande wa tangi.

Ketini, ahsanteni. Hilo ndilo jibu langu. Nimechelewa nalo kama picha ya simu, lakini limefika.

Sasa zawadi. Tumeona zawadi ya redio kwa Kaka Kipaza: simu mpya, kubwa, na ndani yake amelipiwa kutazama mpira wa ligi kwa mwaka mzima. Ni zawadi nzuri, na sisemi kwa kejeli. Ila nimekaa pale nikijiuliza: mtu unamnyang'anya mdomo, halafu unamzawadia macho? Macho anayo. Ni sisi tuliokuwa tunayaazima.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Meneja, mbele ya mashahidi hawa nakwambia tulichoamua, ili usije ukasikia mitaani. Jumamosi hii Kaka Kipaza atatangaza. Chumba cha watangazaji uwanjani wamepewa wenye kamera, sawa, hatugombani nao. Mwenyekiti wa klabu ametupa nafasi jukwaa la wazi, upande wa karakana. Mwoka mikate, fundi magari na saluni yangu tumekubaliana kuweka matangazo yetu ya biashara kwenye kipindi, usiseme hakuna wadhamini. Kinachotakiwa kutoka kwako ni kuwasha mitambo tu. Saa kumi ya Jumamosi siku hizi mnapiga nyimbo zilizorekodiwa. Hizo nyimbo hazitakasirika zikisubiri.

Ukiwasha, tutakushukuru na jina lako litatajwa kabla ya kikosi. Usipowasha, hatutalia, hatutaandamana, na wala hatutarudi ofisini kwako kunywa chai. Kaka Kipaza atakaa jukwaani, atachukua simu hii hii mliyompa, atatupigia ukumbini, na fundi spika wetu ataiunganisha na spika moja ndani, moja nje ya saluni na moja karakana. Tumeshajaribu jana jioni. Inasikika mpaka kwa muuza mboga. Na mama nitamshika mkono mimi mwenyewe mpaka kiti cha mbele ukumbini. Mpira wetu utasikika Jumamosi. Namna utakavyosikika, ndiyo tu unayoweza kuchagua.

Usinijibu sasa, Mheshimiwa. Namwona dereva wako anakuombea.

Ndugu zangu, nimeletwa hapa nimuage mtu, na kazi hiyo imenishinda. Tawi nalo lina zawadi yake. Naomba iletwe. Kaka Kipaza, hili ni koti la mvua. Si la kupumzikia, wala si la kukalia barazani. Jukwaa la wazi halina paa, na msimu huu mawingu hayana adabu. Simama ulivae tulione. Fundi cherehani, msaidie mkono. Limebana? Upande gani? Upande wa karakana! Mmesikia wenyewe.

Ngojeni. Mama ameninyooshea mkono. Anauliza, limemkaaje?

Mama, hilo mimi sitalijibu, yupo mwenye kazi yake. Kaka, njoo hapa na koti lako, shika kipaza sauti, mtangazie mama, na usimsubiri mtu. Ndugu zangu, nimewachosha mkanivumilia, ahsanteni sana. Mimi naketi, sasa msikilizeni yeye.