Mashahidi wa Chura

Benchi la Buk Wiji, yaani Mama Wiji, lina miguu minne ambayo haijawahi kukubaliana. Limewekwa mwanzoni mwa kichochoro cha Mtaa wa Tano, pale Surabaya, ubavuni mwa banda lake la kahawa, na kila alasiri wanaume watatu wanaokaribia hamsini hulikalia na kubishana mpaka jirani afunge dirisha. Kushoto hukaa Cak Tamat, yaani Kaka Tamat kwa lugha ya huko, mziba pancha. Katikati ni Cak Brengos, mwenye masharubu yanayotangulia kuingia kikombeni kabla ya mdomo. Kulia, kwenye mguu mfupi, hukaa Cak Jinjit, ambaye tangu utoto hutembea kwa ncha za vidole kama mtu anayenyemelea kuku, na wenzake humweka hapo kwa sababu ndiye mwepesi. Wiki hiyo ya kwanza ya Agosti ubishi ulikuwa mmoja tu: katika yale magemu ya kuruka-ruka ya utotoni, lipi lilikuwa bora?

Ubishi wenyewe uliletwa na vijana wa kamati ya sikukuu ya uhuru. Walifukua mahali fulani mashine kuukuu ya gemu pamoja na kaseti zake tatu, na Jumapili wakawaketisha wazee mbele yake kwenye kibanda cha walinzi wa mtaa ili wajikumbushe. Jumamosi inayokuja, baba mmoja wa Mtaa wa Tano atapambana na baba mmoja wa Mtaa wa Saba, watu wote wakitazama, na mtaa utakaoshindwa, wanaume wake watacheza mpira wakiwa wamevaa magauni ya wake zao. Karatasi ya kujiandikisha ilikuwa pale benchini, imekandamizwa kwa sahani ya ndizi za kukaanga. Ingechukuliwa kabla ya magharibi. Nafasi ya jina la gemu ilikuwa wazi. Nafasi ya mchezaji vijana walishaijaza bila kumuuliza mtu: Cak Tamat.

Wangemwandika nani mwingine? Tamat ndiyo hiyo tamati, mwisho wa mambo, na jina hilo alilipewa mwaka 1991 alipokuwa mvulana wa kwanza na wa mwisho mtaani kulimaliza gemu la Chura Zimamoto, steji zote nane. Mama yake alimwita Sutikno, lakini ukiuliza Sutikno ni nani pale mtaani utaelekezwa makaburini. Hata ubao wa kazi yake umeandikwa: Ziba Pancha kwa Cak Tamat.

Tatizo lilikuwa moja, naye alilibeba peke yake miaka thelathini na minne. Gemu lile hakulimaliza. Alifia steji ya nne.

— Mimi nasema tuandike Tumbili Sarakasi, alisema siku hiyo, akijitia anapuliza kahawa. — Kwa ubora hakuna linalomfikia.

Brengos akamgeukia, masharubu yote mawili.

— Wewe? Wewe baba mzazi wa Chura ndiye wa kumsifia Tumbili?

— Ubora hauna undugu, Cak. Tumbili ukimrusha unaweza kumkata kona hewani. Chura akisharuka, basi, ameandikiwa. Hata ukijua umekosea utabaki kumwangalia anavyokwenda kufa.

— Sasa hapo ndipo penye ubora! Gemu zuri linakuua kwa kosa lako mwenyewe. Tumbili anakuua kwa utelezi wake. Unamwambia simama, anaongeza hatua tatu kama mlevi aliyeitwa na mkewe.

— Halafu hana uso, alisema Jinjit.

— Nani hana uso?

— Tumbili. Jumapili nilimtazama kwa miwani. Hana uso, Cak. Ni vidoti saba. Na mimi miaka yote namkumbuka anacheka.

Wote watatu wakaweka vikombe chini, kama wamepata habari ya msiba. Kila mmoja alikuwa anamkumbuka Tumbili akicheka, na Brengos alikuwa tayari kuapa kwamba alikuwa na meno.

— Basi Mzee wa Puto, Jinjit akajaribu. — Rangi zake je? Muziki wake?

— Muziki wake ni nyuki ndani ya kopo, Buk Wiji akadakia kutoka bandani.

— Buk, wewe hukuwa unacheza.

— Nilikuwa nakaa ukuta mmoja na Koh Beng aliyekuwa anawakodishia hizo mashine. Nyinyi mlisikia saa moja moja, mimi nilisikia utoto mzima. Hilo puto niliomba dua lipasuke.

Mzee wa Puto akafutwa hapo hapo, hakuna aliyemlilia. Cak Tamat akaona uwanja unazidi kuwa mdogo. Akabadilisha njia.

— Lakini tuseme kweli. Jumapili Chura kamuua Brengos mara tisa kwenye kisima cha kwanza. Mara tisa! Gemu gani hilo la kupeleka mbele za watu?

— Lile siyo kosa langu, alisema Brengos. — Wahenga walishasema, chanda chema huvikwa pete. Tangu mke wangu anivike hii, kidole hakikunjiki.

— Gemu linabonyezwa kwa dole gumba, Cak.

— Mwili ni mmoja!

— Na wewe Tamat mbona hukugusa hata kitufe? Jinjit akauliza.

— Nilisema jicho linaniuma.

— Lipi?

— Lile la upande wa televisheni.

Jinjit alikubali jibu hilo kwa sababu alikuwa na nadharia yake, na mtu mwenye nadharia hana muda wa kuchunguza jicho la mwenzake.

— Hiyo televisheni ndiyo chanzo, alisema. — Zamani televisheni ilikuwa na mgongo. Nyuma kule kulikuwa na nafasi, Chura anaruka anapata pa kuenea. Hizi za siku hizi ni bamba tu. Akiruka, anagonga ukuta.

— Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, alisema Brengos.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Ina chura ndani.

— Aisee.

— Na mimi nawaambia siyo televisheni, ni umeme, Brengos akaendelea. Umeme wa utoto wetu ulitoka kwenye mabwawa, ulikuwa laini, una ubaridi. Huu wa leo ni wa makaa ya mawe. Wale nyigu wa steji ya pili wanafika hapa wameshakasirika tangu kiwandani.

Hapo Cak Tamat akaona mlango umefunguka. Aliirukia hoja ile kwa furaha ambayo yeye mwenyewe aliionea haya.

— Umemaliza kila kitu, Brengos! Mimi nilimshinda Chura wa maji. Huyu wa makaa simjui, hanijui. Haki inadai tuandike Tumbili.

Na kalamu alikuwa ameshaishika.

— Weka chini hiyo kalamu, alisema Brengos. — Mtaa wa Saba wanamleta mwalimu wa hesabu ambaye hajamaliza gemu lolote duniani. Sisi tunaye mtu aliyemaliza, halafu tukacheze na vidoti saba? Kesho vijana wanachapisha bango. Nimewapa maneno mwenyewe: "Mwanaume Aliyefika Mwisho wa Chura".

— Bango?

— Mita nne.

Cak Tamat akaliona hilo bango. Akaliona limefungwa kutoka kwenye banda la Buk Wiji hadi nguzo ya umeme, na chini yake mke wake katika safu ya mbele, amevaa batiki mpya, akiwaambia majirani watazame sasa. Halafu akaona mabomba ya mvuke ya steji ya nne. Aliyajua yale mabomba kuliko alivyoijua sala ya maiti, na hajawahi kuyapita. Afadhali aibu ya watu wawili kuliko ya mitaa miwili.

— Sikumaliza, alisema.

— Hukumaliza nini? Kahawa?

— Chura. Sijawahi kummaliza. Ilikuwa Ijumaa, nyinyi mmekwenda msikitini, mimi nikajitia tumbo linaniuma, nikaenda kwa Koh Beng nikakodi saa moja. Nikafia steji ya nne, kwenye mvuke. Natoka nje, mtu mmoja akaniuliza, tamat? Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo hivyo tu. Nilinamisha kichwa mara moja, na mkaniita jina hilo mpaka leo.

Akangoja mbingu ianguke. Kilichoanguka ni kipande cha ndizi kutoka mdomoni mwa Brengos, kwa kicheko.

— Unyenyekevu huo! Jinjit, mwone mtu mzima anavyojishusha!

— Siyo unyenyekevu, Cak. Ni kweli tupu.

— Kweli gani, na mimi nilikuwepo? Nilisimama pale mlangoni kwa Koh Beng. Nimekuona kwa macho yangu haya ukimaliza.

— Brengos, ulikuwa msikitini.

— Nilitoka mapema.

— Katikati ya hotuba?

— Udhu ulinitia wasiwasi.

— Mimi nilichungulia dirishani, alisema Jinjit, akitazama vidole vyake vya miguu. — Nimewasimulia wanangu wote watatu.

— Kwa hiyo na wewe hukuswali.

— Mungu ni mwingi wa kusamehe.

— Brengos mlangoni, Jinjit dirishani! Sasa imamu alikuwa anawaswalisha kina nani siku ile?

Cak Tamat alikuwa amekuja kuutupa uongo wake, akakuta una wenyewe. Brengos aliusimulia hata siku alipokwenda kuposa, na baba mkwe akamwona ni kijana aliyepata kushuhudia mambo. Ungemnyang'anya vipi leo?

— Jamani, Jumamosi nitakufa mbele ya watu, Tamat akasema.

— Mficha uchi hazai, Brengos akamfariji. — Usifiche kipaji chako.

Wakati huo alikuwepo mtu wa nne, amesimama na kahawa yake iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni wenye mrija. Aliitwa Anselmus, muuguzi kutoka kisiwa cha Flores, aliyepanga chumba juu ya fundi cherehani wiki mbili tu zilizopita. Kahawa alishapewa zamani. Alikuwa amebaki kusikiliza, kama kila mgeni anavyobaki mara ya kwanza.

— Samahani, wazee wangu, alisema. — Mimi gemu hilo sijalicheza. Hivi Chura akifika mwisho, anakuta nini?

Brengos akafungua kinywa. Masharubu yakapanda, yakasubiri, yakashuka.

— Anakuta... Kuna ile... Jinjit, mweleze kijana.

— Mweleze wewe uliyekuwa mlangoni.

— Kulikuwa na mwanga, alisema Brengos.

— Mwanga wa nini, mzee?

— Pale mlangoni nilisimama vibaya.

Cak Tamat aliwatazama kwa zamu, na hakuwa anawacheka. Alikuwa anatamani kweli mmoja wao ajibu. Utu uzima wote huo, kila akiziba pancha jua likiwa kali, amekuwa akijiuliza kilichoko kule juu ya mnara uliochorwa kwenye kaseti, baada ya steji ya nane: kama moto unazimika, kama kuna mtu anashukuru.

— Mimi sijui, alimwambia Anselmus. — Sikufika.

Safari hii Brengos akaanza kuchunguza machicha chini ya kikombe chake. Buk Wiji, aliyekuwa anasuuza glasi, akaacha.

— Ya sita ni maji matupu, alisema Jinjit taratibu.

— Nini?

— Steji ya sita. Ni maji mpaka juu, na samaki wanatokea chini, lazima ushike ukuta wa kushoto. Ya saba inaanza na giza. Baada ya hapo sijui.

Cak Tamat akamgeukia mzima mzima, benchi likalia.

— Umeyajuaje hayo?

— Nilifika.

— Lini?

— Mwaka uleule, mwezi wa Ramadhani. Koh Beng alikuwa amesinzia, na mimi nilikuwa peke yangu. Nilifia kwenye lile giza, nikazima mashine, nikaenda nyumbani kungoja kufuturu.

— Jinjit. Ulinipita steji tatu?

— Ndiyo, Cak.

Kwanza Cak Tamat alisikia wivu, wivu mbichi wa mvulana wa miaka kumi na minne. Ukampita. Ukaja wepesi ambao hakuwahi kuusikia tangu ile Ijumaa, na nyuma yake huruma kubwa kwa huyu mtu wa ncha za vidole, aliyekwenda mbali kuliko mtoto yeyote wa mtaa ule kisha akarudi nyumbani bila kumwambia mtu. Akaitoa karatasi chini ya sahani. Kwenye nafasi ya gemu akaandika Chura. Kwenye nafasi ya mchezaji akakata jina lake, akaandika Cak Jinjit kwa herufi kubwa, na mafuta ya ndizi yakaingia kwenye wino.

— Vijana watauliza, Brengos akanong'ona. — Na bango je?

— Watapunguza maneno.

Jinjit hakukataa. Alikuwa anaitazama karatasi ile, na dole gumba la kulia lilikuwa limeshaanza kubonyeza hewa.

— Miaka thelathini na minne, Cak! alisema Tamat. — Tunakaa benchi moja kila siku ya Mungu. Kwa nini hukusema?

Jinjit akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

— Ningesemaje, Cak? Na mimi ndiye niliyekuona ukimaliza.