Koti la Norma Thackray

Kwa unyenyekevu mkubwa, na baada ya kuwaomba radhi wote aliowahi kuwavunja kitu, familia inautangazia umma kwamba Norma Thackray, aliyewafunza wafanyakazi wa ustawi wa jamii zaidi ya elfu tatu namna ya kupima kama binadamu anaweza kujiamulia mambo yake, amelala hapa mbele yetu na, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, habishani na mtu.

Marehemu alizaliwa hapa Batley, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 9 Februari 1951, mtoto wa tatu wa Herbert na Edna Firth. Mzee Firth alichinja ng'ombe machinjioni, na huko kazini alikuwa mpole kupindukia. Upole ulimwishia huko huko. Kila Ijumaa alizichapa na shemeji zake uani, na Jumapili wakaimba kanisani bega kwa bega, midomo imevimba, sauti ya pili ikitoka puani. Mkunga aliyempokea Norma alipigwa teke la jicho kabla mtoto hajalia. Edna alisema, "Huyu ni wa kwetu, msimpime."

Alianza shule mwaka 1956. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na mwalimu wake, Bi. Hinchliffe, aliufunga mkono ule kwenye kiti kwa skafu ili mtoto ajifunze kuandika kwa wa kulia. "Ni kwa faida yako," alisema. Norma alivumilia siku mbili. Siku ya tatu aliinuka na kiti chake, akageuka ghafla, na miguu ya kiti ikamkuta mwalimu kwenye goti. Bi. Hinchliffe alichechemea hadi alipostaafu. Mkono wa kushoto uliachwa huru, nao, kama mtakavyosikia, haukusahau.

Mwaka 1969, akiwa na miaka kumi na minane, aliajiriwa kuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja ya wagonjwa wa akili, ambayo sasa imegeuzwa nyumba za watu wenye pesa. Ijumaa ilikuwa siku ya kuoga. Wanawake thelathini, mabafu mawili, maji yale yale. Mmoja wao, Ivy Sugden, alikataa kuingia ndani ya maji kila wiki, na kila wiki wauguzi watatu walimkokota kwa nywele juu ya vigae. Wiki ya nne ya Norma kazini, mkono wa Ivy ulivunjika ukingoni mwa bafu, na wote waliusikia ukivunjika.

"Ni kwa faida yake," muuguzi mkuu alisema, akijifuta jasho. "Huyu haelewi kitu."

"Umemuuliza kwa nini hataki?"

"Kumuuliza? Kamuulize na huyo paka!"

Norma alimuuliza Ivy. Ivy akajibu kwa sentensi moja iliyonyooka: kaka yake alizama bwawani nyuma ya kiwanda, naye alimwona. Akipewa beseni na sabuni ataoga amesimama, wala hana neno. Alikuwa amekaa humo miaka ishirini na sita akisubiri mtu amuulize. Norma alirudi bafuni, akachukua jagi la bati, akampiga nalo muuguzi mkuu kwa mkono wa kushoto. Muuguzi alishonwa nyuzi saba. Alifukuzwa kabla ya chai ya saa kumi.

Alipata cheti cha ustawi wa jamii mwaka 1975. Mwaka huo huo, kwenye chumba cha majeruhi, alikaa karibu na kijana aliyekuwa ameshikilia sikio lake lisianguke.

"Nani kakung'ata?" kijana aliuliza, akitazama kifundo cha mguu wa Norma kinachovuja damu.

"Mbwa wa mteja. Wewe?"

"Mtu wa Featherstone."

Kijana alikuwa Clifford Thackray, mchezaji wa raga, aliyetoka kucheza na timu ya Featherstone. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976. Karamu yao ilivunja viti kumi na kimoja na jino moja la mchungaji, aliyekuwa anaamua ugomvi. Mtoto wao wa pekee, Janine, alizaliwa mwaka 1978. Clifford alifungua duka la samaki na chipsi, akalisimamia mpaka moyo wake ulipozima mwaka 2011 akiwa anakaanga samaki. Alimpenda mkewe kwa namna ya kudumu na ya uangalifu, kama mtu anayefuga dubu.

Sheria ya uwezo wa kujiamulia ilipoanza kutumika mwaka 2007, ikisema mtu mzima ahesabiwe kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitishwe hawezi, na kwamba kuamua kipumbavu si ushahidi wa kukosa akili, Norma aliisoma yote jikoni. Alipomaliza alipiga meza mpaka kopo la sukari likaruka. "Ivy!" alisema. "Wamekusikia, mama!" Ivy alikuwa amekufa zamani.

Kuanzia hapo akawa mkufunzi. Waliopitia mikononi mwake wanalijua zoezi la koti. Alifunga mlango wa ukumbi, mara nyingi mwezi wa Julai, akawagawa watu wawili wawili, akampa mmoja koti zito la sufu na kusema: "Mvalishe mwenzako. Ni kwa faida yake. Dakika moja." Dakika moja ilitosha. Mikono ya nguo ilichanika, miwani ilikanyagwa, watu wazima wenye shahada walikabana shingo kwa nia njema. Kisha aliuliza, "Nani kamuuliza mwenzake kama anasikia baridi?" Katika miaka kumi na mitatu waliouliza walikuwa wanne.

Mwaka 2014 binti mmoja mdogo, mpole, Zubeda Lunat wa mtaa wa Mount Pleasant hapo juu, aligoma kuvalishwa. Mwenzake akashindwa. Norma akalichukua koti mwenyewe. Kiwiko cha Zubeda kilimvunja pua katikati, na damu ikamwagika juu ya vitini vya mafunzo. Norma alikaa sakafuni, uso mzima mwekundu, anacheka.

"Mmeona? Huyu hajapungukiwa na akili, kapungukiwa na subira tu! Mwanangu, kwa nini hukutaka koti?"

"Nilikuwa nasikia joto," Zubeda alisema, akilia.

"Andikeni hiyo," Norma aliwaambia wengine.

Tarehe 6 Machi 2023 alipatwa na kiharusi ngazini, akaporomoka. Janine alimkuta asubuhi chini ya ngazi, mbavu tatu zimevunjika, damu imekauka kwenye meno. Upande wa kulia ulikuwa umekufa. Wa kushoto ulikuwa mzima kabisa, kama daktari kijana alivyogundua alipompandishia vyuma vya kitanda bila kumwambia. Daktari huyo, akiwa na pamba puani, alimuuliza leo ni siku gani, Waziri Mkuu ni nani, na ahesabu kutoka ishirini kurudi nyuma. Norma alikataa yote matatu. Daktari akaandika kwamba mgonjwa hawezi kuamua akaishi wapi. Norma alikuwa amewafukuza watu darasani kwa kuuliza maswali yale yale. Mtu anayetaka kurudi kwake huulizwa habari za kwake.

Janine alikwishapata nafasi kwenye makao ya wazee. Msimlaumu. Ni yeye aliyeisugua damu ile kwenye zulia kwa brashi ya viatu, akijua kwamba ngazi zile zile zinamsubiri mama yake. Tarehe 28 Machi gari la makao lilikuja hospitalini. Janine akaleta koti.

"Mama, vaa. Nje kuna baridi."

"Siendi."

"Vaa, Mama! Nimechoka!" Akaushika mkono uliokufa, akausukuma ndani ya koti, kisha akaukamata wa kushoto. Norma alimng'ata. Alimng'ata kwa meno yote yaliyobaki kumtii, wala hakuachia mpaka wahudumu wawili walipomvuta. Alama zipo hadi leo. Atakayetaka kuziona amwone Janine baada ya maziko.

Ndipo akaingia mtu wa kufanya tathmini ya mwisho, aliyeombwa na mgonjwa mwenyewe kwa maandishi yaliyopinda. Alikuwa Zubeda Lunat. Aliagiza chai kwanza, kwa sababu alifundishwa kwamba mtu mwenye kiharusi huongea vizuri akishakunywa chai. Alifundishwa na nani, mnajua.

"Norma, nyumbani kuna ngazi kumi na tatu."

"Kumi na nne. Moja iko uani."

"Ukianguka tena?"

"Nitavunjika."

"Ukilala hapo chini siku mbili, hakuna anayejua?"

"Nitakufa, mwanangu. Unafikiri nini?"

"Na ukienda makao?"

Norma alitafuta maneno kwa muda mrefu. Zubeda hakumsaidia. "Nitakufa vilevile," alisema, "nimevalishwa koti la mtu mwingine."

Zubeda alifunga daftari, akamgeukia Janine aliyekuwa anavuja damu kwenye taulo. "Dada Janine, uliwahi kumuuliza?"

"Mimi ndiye niliyemkuta!" Janine alipiga ngumi mlango wa kabati mpaka ukaingia ndani. "Wewe hukumkuta! Mimi ndiye niliyemkuta!"

"Najua. Ulimuuliza?"

Zubeda akafungua tena daftari, akaandika kwamba mgonjwa anaweza kuamua. Gari liliondoka tupu.

Marehemu aliishi nyumbani kwake miezi sita na siku nne. Alianguka mara tisa. Alivunja kikombe, kioo, kidole, na urafiki wake na mhudumu wa asubuhi. Tarehe 2 Oktoba 2023 Janine alifungua mlango akamkuta chini ya ngazi, kichwa kimepasuka, bado anapumua. Aliita gari la wagonjwa. Kisha akachukua koti la sufu kwenye msumari, akapiga magoti penye damu, akalishika tu mkononi.

"Mama, unasikia baridi?"

"Ndiyo," Norma alisema.

Basi Janine akamfunika. Gari lilipofika alikuwa ameshakata roho. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika ukosi.

Marehemu ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, Curtis na Bethan, dada yake Maureen ambaye hawakusemezana naye tangu 1988, na watu zaidi ya elfu tatu ambao leo, kabla ya kumvalisha mtu koti, husita kidogo.

Mwezi Agosti, mama yake akiwa bado hai, Janine alimpelekea karatasi na kalamu, akamuuliza kama mwishoni mwa wasifu huu tuandike, kama ilivyo desturi, kwamba apumzike kwa amani.

"Afadhali umeuliza," Norma alisema. "Hapana."