Fundi wa Maji na Vipimo Vyake Viwili

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi bomba na mshonaji. Alimaliza sekondari mwaka 1969 na chuo cha ufundi mwaka 1972.

Mwaka 1973 aliajiriwa kuwa fundi wa maabara ya maji chuo kikuu, akakaa huko miaka thelathini na minane. Alipima kasi ya maji kwa vipimo viwili kwenye mfereji wa kioo, ambamo maji ya juu hukimbia, ya chini hujikokota, na kati yake huzaliwa mizunguko. Aliamini mzunguko husafiri mzima: kasi ikipanda kwenye kipimo cha kwanza, punde itapanda na kwenye cha pili, mita nzima mbele. Mkuu wake alimcheka. "Fundi, maji hayana kumbukumbu."

Mwaka 1978 alimwoa mkutubi, ndiye Bibi yetu. Bibi alizoea kusema, "Mume wangu hulichungulia sinki kuliko anavyonichungulia mimi," naye Babu humjibu, "Sinki halinuni, mama watoto."

Alipostaafu alijenga mfereji wake stoo. Januari mwaka huu alimpa mjukuu wake wa mwisho, aliyemwita Karani, kazi ya kusoma kipimo cha pili. Yeye mwenyewe alisoma cha kwanza. "Sasa," alisema kila mara sekunde mbili baada ya kusoma, maji yakifika cha pili, na Karani alitaja namba. Siku tatu nzima Karani alitaja namba macho yakiwa kwenye simu. Alizibuni. Babu alipochora vitone vya namba hizo, kimoja kwa kila jozi, vilitawanyika kama mchele uliomwagika.

"Basi mkuu alikuwa sahihi," alisema, akaufunika mfereji kwa shuka. Karani alimshikia ncha ya shuka.

Aprili Babu alianza kuugua moyo. Karani alipanga kumwambia ukweli Jumapili moja. Akamkuta amelala, akaona afadhali asimwamshe. Babu alifariki Jumanne iliyofuata, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Alhamisi Karani alimweleza Bibi yote. Bibi hakumgombeza, wala hakumbembeleza. Aliondoa shuka, akafungulia maji, akasimama kwenye kipimo cha kwanza.

"Sasa," alisema.

Walisoma mara mia mbili. Vitone vilijipanga mstari mmoja. Mchoro huo uko nyuma ya ratiba hii ya mazishi, kwa jina la Babu. Ule wa Januari ulikuwa wa uongo, na uongo haukuwa wake.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano, mmoja wao akiyaandika haya kwa kuchelewa.

Babu, maji yalikumbuka. Pumzika kwa amani.