Ummukulthum Ndiye wa Kumshika Mwatum

Sogeeni wanangu, na wewe Ridhwan zima hiyo simu, nnasema mara moja tu, pumzi hazinitoshi. Msilie. Imebaki habari moja, tamu kuliko zote nlizowahi kuzipeleka, kwani inanihusu mwenyewe.

Ummukulthum yuko wapi? Aje akae hapa, si kule mlangoni.

Ramadhani ile, mdogo wangu Mwatum, mama yenu, alipobanwa kifua tukamkimbiza hospitali, nani alisema ni chumvi ya mkwe? Mimi. Nkasema Ummukulthum kampikia papa wa chumvi makusudi, na kabla ya futari habari ishafika Bububu. Na wewe Ridhwan ukamnunia mkeo mpaka Idi.

Basi mficha maradhi kilio humuumbua. Mwanzo wa mfungo Mwatum presha yake ilikuwa imetulia, nkamwambia, "Unafunga, mzima, vidonge vya nini tena? Viache." Siku ya nne moyo ukamwenda mbio. Nesi akanivuta pembeni, "Bi Nassra, dawa hii haikatwi ghafla, moyo unapiga teke. Kimoja kwa siku, si angemeza wakati wa daku?" Nkarudi nkanyamaza, mimi ninayesema mpaka usingizini. Chekeni, nami nnacheka.

Kwa hivo Mwatum namkabidhi Ummukulthum, na chumba changu cha juu alale yeye, kimeelekeana na cha Mwatum. Shika tasbihi hii, mwanangu. Kusoma sijui, nesi alinifundisha hivi: kabla ya kidonge mshike mkono, hapa chini ya dole gumba, mshale mwembamba wa saa uzunguke mara moja, kila pigo punje moja. Punje ni thelathini na tatu. Zizunguke mara mbili kasoro sita. Zisipofika hapo usimpe, mpigie nesi kwanza. Asubuhi asikurupuke, akae kitandani kidogo, asije akaanguka kwa kizunguzungu. Na jirani mwenye pumu akija kuazima kidonge kama anavoazima sukari, mnyime, mwache anune, kitamziba pumzi.

Nipeni maji... basi, yatosha.

Mtu mzima kumwomba radhi mtoto ni kazi, lakini mie ntaanza, Ridhwan afuate. Ummukulthum, nlikudhulumu. Nisamehe. Usiseme kitu, nibane mkono tu...

Alhamdulillahi. Mungu akupe wa kukutunza, akukinge na midomo kama huu wangu. Nendeni kwa mama yenu, saa ya kidonge imefika... na huko Bububu... mtu apeleke na hii.