Mtaliano wa Njau Aenda Posa

Pale Kimbo, nyuma ya steji ya matatu, kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka la chakula cha kuku, na mbele yake jiko la Salim muuza kahawa. Zamani mtu akiulizia kijiwe hicho aliambiwa, "Fuata harufu ya tangawizi." Siku hizi anaambiwa, "Pale penye Mtaliano." Mtaliano ni gari: jeusi, refu, la kifahari, milango minne na roho ya mashindano, viti vya ngozi rangi ya maziwa, pua imeinama kana kwamba inanusa mtu wa kulaumu. Akinguruma, mbwa wa Githurai 45 huitikia. Shida ni kwamba hangurumi. Mwezi uliopita alizimika hapo akiwa anapita tu, akapapenda, na tangu hapo kuku wa mwenye duka wamefanya boneti lake sebule.

Alhamisi hiyo jioni, Mumbi alifika kijiweni akitafuta mtu wa kukasirikia. Chuoni, kwenye midahalo, alisifika kwa kumpata mwenye kosa kabla hata hajavuta kiti. Lakini kwa habari ya Mtaliano, kila alipofuata nyayo za kosa zilimrudisha mlangoni pake mwenyewe. Ni yeye aliyesimama sebuleni kwa mama yao, mkono kiunoni, akatetea hoja kwamba kaka yake Njau, muuza mayai, hawezi kukua kibiashara akionekana ndani ya kile kigari chake cha mizigo, Probox. "Sura ya biashara ndiyo biashara!" alinguruma. Basi Njau akachukua Probox yake, iliyokuwa ikitoa mayai Thika bila hata moja kupasuka, akabadilishana na bwana mmoja wa mitaa ya matajiri, gari kwa gari, bila nyongeza. Yule bwana aliondoka na Probox akipiga honi njia nzima. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mumbi alipiga picha.

Na sasa Jumamosi Njau alitakiwa Kamenu, kule Thika, kwa wazazi wa mchumba wake Wavinya, kupeleka ntheo, ile posa ya Kikamba. Bila ntheo, hata ukae na binti ya watu mpaka muote mvi, kwao wewe ni jamaa tu aliyekuwa akipita. Na Mumbi, ndiyo, yeye tena, alikuwa ameshawatangazia wakwe: tunakuja na Mtaliano.

– Sasa, wakili, Salim alimsalimu akimimina kahawa. Umekuja kumwona mgonjwa?

– Niaje, Salim. Huyu si mgonjwa. Huyu ni tapeli.

Ndani ya gari, mlango wazi, Njau alibonyeza kitufe cha kuwashia. Taa zote za dashibodi ziliwaka kama mkesha wa Krismasi, yakapita maneno ya Kitaliano, kisha giza.

– Imesema nini? Mumbi aliuliza.

– Imesema pole, alijibu Omondi kutoka benchini.

Omondi huitwa Spana. Aliwahi kufanya kazi kiwandani Thika, upande wa kufunga vifuniko vya chupa, na tangu siku hizo hakuna mashine anayoiogopa.

– Mimi nimewaambia shida ni sensa. Hii gari iko na sensa kuliko akili. Sensa ya mlango, sensa ya mvua, sensa ya kusikiza kama ile sensa ingine inafanya. Moja ikinuna, zote zinanuna.

– Kama kwaya yetu, akasema Sista Jentrix, muuza mandazi, ambaye huimba sauti ya kwanza kanisani na sauti ya mwisho kijiweni.

– Na hiyo oili inadondoka? Mumbi alisonta chini.

– Hiyo isikutishe. Haba na haba hujaza kibaba.

– Spana! Kibaba kinachojaa ni cha chini! Injini ndiyo inabaki kavu!

– Si bado ni kujaa?

Sista Jentrix alitikisa kichwa kwa huruma.

– Sensa gani. Hii gari ilipigwa jicho. Mumbi, ulirusha picha mtandaoni kabla haijaombewa. Mimi nilijua siku ile dirisha lilijishusha lenyewe mvua ikinyesha, likakataa kupanda mpaka mvua iishe. Hiyo si stima. Hiyo ni roho.

– Nilipeleka mayai nimejifunika gunia, Njau alisema kwa sauti ndogo. Ndani ya gari. Na watu wananipungia mkono, wanasema Njau ameomoka, sasa ni tajiri.

– Nyote hamjui hawa watu, Salim aliingilia akipuliza makaa. Waitaliano ni watu wa kahawa. Hii gari ilizaliwa kwenye harufu ya kahawa. Mbona haikuzimika pale kwa muuza chai? Ilikuja kwangu! Ina kiu. Tuiwekee kikombe kwa tangi, bila sukari. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe kahawa.

– Mpe jembe, Salim, alisahihisha Mumbi.

– Jembe atalishikaje na hana mikono?

– Hoja ya nidhamu! Mumbi alisimama, kikombe mkononi. Jumamosi ni keshokutwa! Kaka yangu anataka kuoa! Mimi sitaki nadharia, nataka Mtaliano afike Kamenu!

Kisha Spana akavuta kamba nene kutoka chini ya benchi, taratibu, kama mtu atoaye zawadi.

– Kufika ni rahisi. Kuwaka ndiyo kazi. Nimeongea na Austine, ako na pikap. Anatuvuta mpaka ile kona ya mwisho kabla ya kwa kina Wavinya. Hapo kuna mteremko mpaka getini, sindio? Tunafungua kamba, Njau anashika usukani, gari inateleza pole pole. Mwenda pole hajikwai.

– Bila kelele? aliuliza Jentrix. Gari ya hivyo ifike kimya kama baiskeli?

– Tutasema ni ya umeme.

– Apana. Mimi nitaleta spika ya kanisa. Tunaiweka kwa buti, tunacheza mngurumo kutoka kwa simu.

– Buti ilikataa kufunguka, Njau alikumbusha.

– Basi wanakwaya tutembee kando ya gari tukinguruma. Sauti ya tatu iko na wazee wazuri sana kwa hiyo kazi.

– Na breki? Njau aliuliza. Bila injini breki ya hii gari ni kama kukanyaga jiwe.

– Si kuna geti? alisema Spana.

Mumbi alijua kabisa kwamba huo ni upuuzi. Alijua pia dalili za ule ugonjwa wake, kwa maana ulimi ulikuwa umeanza kumwasha. Upuuzi ukikosa mtetezi, yeye huona kama umeonewa.

– Msimamisheni kabla ya geti kwa mawe, alisikia mdomo wake ukisema. Nikiulizwa mbona hawaki wakati wa kurudi, nitajibu kwamba gari la heshima haligeuzwi mbele ya wakwe. Hiyo ni mila. Nani atabisha?

– Mila ya wapi? Salim aliuliza.

– Mtu haulizi mila ni ya wapi, Salim! Anaiheshimu!

Kijiwe kikapiga makofi. Njau peke yake hakupiga. Alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, kama dereva aliye safarini.

– Nikimdanganya Wavinya getini, alisema, jikoni nitamwambia nini?

– Huo ni mjadala wa baadaye, akasema dada yake.

Hapo bodaboda ikasimama, akashuka mwanamume mwenye koti la kaki na kofia, akafuta vumbi usoni, akawatazama mmoja mmoja.

– Habari zenu. Namtafuta Njau. Mimi ni Kyengo, mjomba wa Wavinya. Nimetumwa na mzee.

Benchi zima likasimama. Jentrix alifuta mahali pa kukaa kwa leso yake, Salim akamimina kahawa hadi ikamwagika, na Spana akaikanyaga kamba kwa viatu vyote viwili.

– Karibu, mjomba! Njau aliruka nje. Kuna amani?

– Amani iko. Ni ile pesa ya mbuzi mliyotuma kwa simu. Mzee ameirudisha. Amesema ntheo haiingii kwa simu.

Mumbi akatabasamu. Huu ulikuwa uwanja wake.

– Mjomba, kwetu sisi Wakikuyu, mbuzi wa posa huwa ni hesabu. Ana bei, hana mkia.

– Kwetu ana mkia, Kyengo alijibu kwa upole. Na anapaswa kulia getini, majirani wasikie. Wawe watatu, mmoja awe beberu.

– Hakuna shida hata kidogo. Watakuja kwa pikap.

– Pikap gani?

– Ile ya kutuv... ya kutuongoza. Tukiwa na Mtaliano.

– Itaingia mpaka nyumbani?

– La, hiyo itabaki kona.

Kyengo aliligeukia gari. Aliwatazama kuku juu ya boneti, akatazama ziwa dogo la oili, akatazama viatu vya Spana na kamba iliyotokeza pande zote mbili. Akanywa funda moja.

– Sasa kutoka kona, mbuzi watapanda nini?

Spana alichungulia makaa ya Salim. Salim alikuwa akiyachungulia tayari. Sista Jentrix alianza pambio, akalisahau katikati. Wote wakamgeukia Mumbi, na Mumbi akafungua mdomo. Mbele ya macho yake alimwona beberu juu ya ngozi rangi ya maziwa, mkanda umefungwa, pembe zikitoka kwenye dirisha lililojishusha lenyewe. Akaufunga mdomo.

– Mjomba, Njau alisema, hii gari haiendi. Tulikuwa tunapanga kuivuta mpaka kona, iteremke yenyewe.

– Iteremke pale? Kyengo alishangaa. Watu wa maji wamechimba mtaro toka Jumatatu. Mngeingia wote, na wimbo.

Spana aliondoa viatu juu ya kamba.

– Na gari nani aliuliza? Kyengo aliendelea. Mzee ameuliza mbuzi. Wavinya ameuliza wewe.

Njau aliufunga mlango wa Mtaliano. Ukafunguka. Akaufunga tena kwa goti.

– Basi nitakuja na pikap mpaka mtaroni, na kutoka hapo kwa miguu. Nitakuwa nyuma ya pikap, nimewashika mbuzi.

– Na suti? aliuliza Jentrix.

– Na suti.

Kyengo akamnyooshea Salim kikombe aongezwe, na kwa mara ya kwanza meno yake yakaonekana.

– Sawa, akasema Mumbi, akijikung'uta. Mimi nitakaa mbele na Austine, nipange hotuba.

– Wewe utakuwa nyuma na mimi, akasema Njau. Utamshika beberu. Mtabishana mpaka Kamenu.