Jumamosi Tano za Mama Vifungo

Mama Vifungo, kama mtaa mzima ulivyomzoea, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba mwashi na mama mkulima. Wasifu huu umeandikwa na mwanawe wa kwanza, ambaye ndiye anayeusoma. Ukoo ulimwomba aandike maneno mazuri. Yapo, maana mama alikuwa mtu mwema, lakini yapo na mengine ambayo mwanawe hana uso wa kuyaruka.

Aliingia shule mwaka 1959 akaiacha darasa la nne, ili awalee wadogo zake. Hadi uzeeni alisoma Biblia kwa kufuatisha kidole, na midomo ikicheza. Mwanawe huyu, akiwa na vyeti vyake, aliona haya kukaa naye benchi moja kanisani.

Mwaka 1970 alijifunza ushonaji kwa shangazi yake, na kazi hiyo aliifanya miaka hamsini na mitano katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Nguo ikiletwa kupunguzwa mguu tu, ilirudi na kila kifungo mahali pake. Hapo hapo ndipo alipofundisha. Wanawake wa mtaa walikuja kila Alhamisi, wakasoma mistari michache ya Biblia huku cherehani ikienda. Hakuwa na mahubiri marefu. Mteja mmoja aliwahi kukaa saa nzima akimsengenya jirani. Mama akamkabidhi suruali yake, akamwambia, "Hii imekwisha, baba. Ulimi ndio bado unahitaji kupunguzwa." Yule bwana alicheka, kisha akaenda kwa jirani.

Tarehe 5 Agosti 1972 alifunga ndoa na fundi bomba, baba yetu, aliyetangulia mwaka 2003. Gauni alijishonea mwenyewe, akasahau pini moja kiunoni. Ibada nzima alisimama wima kama askari, na watu wakamsifu kwa adabu. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2019 mwanawe wa kwanza aliteuliwa mwenyekiti wa mafundisho ya uanafunzi kanisani. Akapitisha kwamba asiye na cheti cha mafundisho hayo asifundishe, hata nyumbani kwake. Mama hakubisha. Akiwa na miaka sitini na minane alijiandikisha darasa la mwanawe, Jumamosi kumi na mbili, akakaa nyuma na daftari lake. "Mwalimu," ndivyo alivyomwita humo ndani.

Kati ya hizo kumi na mbili, alikosa tano. Kanuni iliruhusu kukosa mbili. Alipoulizwa alikuwa wapi, alijibu tu, "Nilibanwa, mwalimu."

Wiki moja kabla ya mahafali, binti yake alikuja kwa kaka yake. "Kaka, mama Jumamosi huwa anakwenda kumwogesha yule mzee mlinzi aliyepooza. Msichana anayemhudumia akikosekana, hakuna mwingine. Watu wote wanamkimbia kwa matusi yake."

Kaka akasema, "Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

"Haya. Basi umemkata mama."

Ndugu waombolezaji, mwanawe huyu alijua. Hakuteleza kwa kutojua. Alisimama mbele ya kanisa akasoma majina ya waliohitimu uanafunzi, la mama yake akaliacha, na mama akawapigia makofi wenzake mpaka wa mwisho. Alhamisi iliyofuata mama aliwaambia wanawake wake waende kanisani kwenye walimu wenye vyeti. Wengi hawakwenda popote. Miaka sita chumba kile kilibaki na cherehani tu.

Tarehe 9 Juni mwaka huu, 2025, alilazwa kwa ugonjwa wa moyo. Alhamisi mwanawe alikaa kitandani pake akaanza, "Mama, kile cheti..." Mama akamkatiza. "Achana nacho. Keshokutwa Jumamosi. Nani atakwenda kwa mzee?"

Akaenda yeye, kwa mara ya kwanza. Alipokunja mikono ya shati na kuanza kazi, mzee alimtazama.

"Unanisugua kama unaosha gari. Mama yako huanzia miguuni, taratibu. Anaendeleaje?"

"Yupo hospitali, baba. Anajitahidi."

"Msalimie. Aliniahidi cheti chake cha kanisani ataniletea nikione, halafu akafeli. Alisema kichwa chake kizito. Nikamwambia mzito ni huyo mwalimu. Akanigombeza, akasema nisimseme, ni mwalimu mzuri sana."

Mwanawe aliendelea kuosha miguu, taratibu. Alitoka pale amekusudia kumwomba mama yake radhi, akapitia nyumbani, akalala, Jumapili akawa na ibada ya kuongoza. Jumatatu alipofika hospitali, mama alikuwa hasemi tena. Alimwomba radhi sikioni, na hajui kama alisikia. Mama alifariki Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake.

Ameacha watoto watatu, wajukuu wanane, dada mmoja, na wanawake wa Alhamisi, ambao hawakuwahi kuombwa radhi na wanaombwa leo. Ameacha pia mzee wetu mlinzi, aliyeletwa kwa kiti akaketi mstari wa mbele. Baba, mwalimu yule alikuwa mimi, na mama hakuwa na kichwa kizito.

Mama, pumzika kwa amani.